Pima Maji Yangu na Paa la Edulia

Mimi, Rosauro Chiguay, ni fundi paa. Ukitaka kunipata hapa kisiwani Chiloé, muulize yeyote ilipo nyumba iliyovaa kofia upande. Utaletwa hadi mlangoni huku watu wanacheka njia nzima. Wala sina kinyongo nao. Ningekuwa mimi ndio wao, ningecheka mpaka nikae chini.

Mvua ya kisiwani kwetu haiji kutembea, huja kukaa. Kwa hiyo mteremko wa paa si urembo. Ukiezeka kwa vigae vya mbao, kila mita moja unayokwenda kwa ulalo, paa lipande sentimita sitini. Ukipunguza, maji yanasitasita, yanapenya chini ya kigae, nawe unaamka umelowa. Hesabu hiyo nilikuwa naitangaza hata pasipo na aliyeniuliza: msibani, kwenye foleni ya mkate, hata kanisani padri aliponyamaza kidogo kuvuta pumzi. Ndiyo maana niliota mvi sina mke. Nani alale na mtu anayeweweseka habari za kenchi za paa?

Basi nikampenda Edulia Mansilla. Mjane, mfumaji wa sweta, ana kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Nyumba yake ya mbao ilikuwa ufukweni, nguzo za upande wa bahari zimedidimia matopeni, ukiweka yai mezani lazima ulishike. Paa nalo lilikuwa limeoza. Majirani walishakubaliana kuivuta nyumba kwa maksai mpaka kilimani, maana sisi tukihama tunahama na nyumba yenyewe. Shughuli hiyo tunaiita minga: mwenye nyumba anapika, wengine wanavuta, hakuna anayedai malipo. Edulia akaniuliza kama ningemwezekea paa jipya.

"Bi Edulia," nikamwambia, kifua mbele, "utapata paa ambalo watu watalisimulia."

Hapo sikukosea hata neno moja. Moyoni nilikwisha kuapa: paa likimpendeza, siku hiyohiyo ya kuhama namposa.

Binamu yangu Belarmino, mwenye maksai, akanishauri. "Kaka, tuihamishe kwanza. Paa utaezeka kulekule juu."

"Wewe shika mikia ya ng'ombe wako, Belarmino. Hesabu niachie mimi."

Ukweli ni kwamba nilitaka kijiji kizima kilione paa langu likipita, nami nitembee kando yake kama baba wa bibi harusi. Nikapanda na tepu, timazi na pima maji. Nyumba ilikuwa imeinama, lakini mimi siinamishwi na nyumba! Kila kenchi niliisogeza mpaka kiputo cha pima maji kikatulia katikati. Huku nikarefusha mbao, huku nikafupisha, ili kufidia ule mwinamo. Upande wa bahari, sitini kwa mita. Upande wa mlima, sitini kwa mita. Hesabu ilinitoa jasho, na nilipoimaliza nikajipongeza kwa sauti.

Edulia akaja na chai, akasimama chini akiangalia juu. "Fundi, mbona kuta zimelala na paa limesimama?"

"Pima maji haidanganyi, Bi Edulia."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Siku ya kuhama ikafika. Maksai walivuta, wanaume wakapiga kelele, nyumba ikateleza juu ya magogo hadi kilimani na kukalishwa juu ya nguzo mpya zilizosawazishwa vizuri. Edulia akakimbilia ndani, akaweka yai mezani. Likatulia. Watu wakashangilia, kisha mmoja mmoja wakainua macho juu.

Kuta wima. Sakafu sawa. Paa limelalia upande.

"Jamani!" akapaza sauti Belarmino. "Nyumba imefika, paa bado liko njiani!"

Walicheka mpaka maksai wakageuza vichwa. Nikapanda kupima, utadhani macho hayakunitosha. Upande wa mlima, sabini na tano kwa mita. Upande wa bahari, unaopigwa na mvua yote, arobaini na saba. Kumbe ningepima kuanzia kwenye kuta zenyewe, kama anavyofundishwa mwanagenzi siku ya kwanza, paa lingekaa sawa popote pale. Mimi nilikuwa nimeliezeka kwa ajili ya ule mwinamo, na mwinamo tukauacha ufukweni.

"Binamu," Belarmino akaniuliza nilipokuwa nashuka ngazi, "hesabu si tulikuachia wewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajibanza nyuma ya sufuria za chakula cha minga, nikapewa mkate wa viazi, nikaushika tu mkononi. Posa yangu ndiyo niliyoimeza, na iliniuma kweli. Mara mvua ikaanza, watu wote wakajazana ndani.

"Fundi!" Edulia akaita kutoka chumbani. "Hebu njoo huku."

Chumba kilikuwa upande wa bahari. Maji yalidondoka kutoka darini, tone baada ya tone, katikati ya kitanda, upande wa ukutani. Macho yangu yakabaki sakafuni.

"Nisamehe. Nitalivua lote nianze upya. Mvua ikikatika tu."

"Huku kwetu mvua inakatika lini?"

"Labda kiangazi."

Akakiangalia kitanda, akaniangalia mimi, akaenda kuleta beseni. "Mimi nalala hapa pakavu," akasema. "Upande unaovuja ni wako, Rosauro."

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Badala ya kusema neno la maana, mjinga mimi nikauliza: "Sasa beseni tutaliweka wapi?"

"Juu ya tumbo lako," akajibu Edulia, akanikabidhi.