Kuku Sita wa Kura

Naandika haya kwa aibu, tena aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu azunguke njia ya mawe ili asipite mbele ya watu. Kama wewe rafiki yangu utalisoma daftari hili siku moja (labda Yustina, maana hukomi kufungua vya watu), nakuomba ucheke mwanzoni tu, mwishoni usicheke. Mtaa mzima hapa Kirumba umeshacheka. Nikienda bombani na ndoo yangu wanawake wananipisha foleni kwa heshima ya uongo, "Mpisheni Koku, mpisheni, ana wageni wa kupikia," na mimi nakinga maji nikiangalia vidole vya miguu yangu.

Lazima nianze na kuku, kwa sababu bila kuku haya yote yasingetokea.

Mwaka jana nilipoingia kidato cha kwanza nilikuwa kila asubuhi napita kwenye kibanda cha Mzee Magesa, fundi baiskeli, mzee wa kutoka Majita ambaye baiskeli ya baba haijawahi kupona kwa fundi mwingine. Mimi nilimwamkia "Shikamoo" kwa sauti ya mbu na kukimbia. Yeye kila siku aliitika, "Marahaba, habari za kurara, binti?" na mimi nilikuwa nimeshafika mbali. Basi siku moja akanisimamisha, akafungua kikapu cha nyuma ya baiskeli, akatoa mtetea mdogo wa aina ya kishingo, shingo tupu kabisa bila unyoya, akanikabidhi. "Ukikosa wa kuongea naye, ongea na huyu. Kuku hacheki mtu."

Huyo Kishingo ndiye aliyezaa ukoo wote. Kufikia miezi miwili iliyopita nilikuwa na kuku kumi na mmoja pamoja na jogoo niliyemwita Meneja (anatembea uani kifua mbele tangu asubuhi mpaka jioni, kazi haionekani). Sijui niielezeje raha yao kwa mtu asiyefuga. Nyumba yetu imeegemea mlima wa mawe, na nyuma kuna jiwe moja bapa, pana kama ukumbi, lenye nyufa pembeni, na kuku wangu walikataa katakata kutaga kwenye boksi nililowawekea nyasi, wakachagua nyufa. Kwa hiyo kila nikitoka shule natupa madaftari, napanda jiweni, naingiza mkono ufani huku moyo unadunda kwa kuogopa nyoka, halafu vidole vinagusa yai, bado lina joto. Wanakula vichwa vya dagaa ninavyookota soko la samaki la Mwaloni, na kiini cha yai lao ni cha manjano iliyokolea kama rangi ya baiskeli mpya. Mvua ikitoka ziwani wanajipanga ukutani chini ya upenu kama wanafunzi mstarini, na mimi nakaa nao kwenye kigoda, nawasimulia mambo ya shule, ya walimu, ya wasichana waliosema mimi ni Mhaya wa maringo kwa sababu sisemi na watu. Wananisikiliza kwa jicho moja moja.

Sasa nikiri jambo la pili. Mimi nilichekwa sana shule ya msingi kwa kuchanganya "la" na "ra". Nilikuwa nasema "barua" kama "balua" na "lori" kama "rori", na darasa zima linapiga meza. Nikajifunza peke yangu, uani, na baadaye mbele ya kuku hao hao, mpaka mwalimu wa Kiswahili akaandika kwenye insha yangu kwamba lugha yangu haina doa. Tangu hapo nikapata tabia mbaya. Mtu mzima akiongea, mimi kimya kimya namsahihisha kichwani. Kwa adabu kabisa, uso umeinama, lakini nasahihisha.

Basi Jumamosi moja mama hayupo, amepanda meli kwenda Bukoba kwa mama mdogo aliyejifungua, na baba yuko bandarini, zamu yake inaisha kesho yake saa tisa. Mzee Magesa akaja mpaka mlangoni na pampu mkononi.

"Baba yako ameshaambiwa," akasema. "Kesho Jumapiri saa kumi watu wa nyumba kumi wote wanakuja hapa kwenu, kura. Wewe andaa mahari tu."

Andaa mahari. Nikainama nifiche tabasamu. Mzee wa watu anataka niandae mahali, ananiambia mahari, kama vile nimeposa mtu. Nikageuza "mahari" kuwa "mahali", nikageuza na "Jumapiri", na kwa kuwa mkono ulishazoea, nikaendelea nikageuza na "kura" kuwa "kula".

Ungeweza kuuliza, utaniambia. Ningeweza. Neno moja tu, "Kula nini, mzee?" na leo ningekuwa na kuku kumi na mmoja. Lakini kumuuliza ingekuwa kama kumwambia hasemi vizuri, na zaidi ya hapo ilikuwa inaeleweka. Kila Jumapili watu wa nyumba zetu kumi wanapasua mawe ya msingi wa zahanati, kazi ya kujitolea, na nyumba moja kwa zamu inawalisha. Zamu yetu ilikuwa bado lakini si mbali. Nilijua pia kwamba jina la baba lilikuwa limependekezwa kwenye ubalozi, yaani uongozi wa nyumba kumi, yeye na Mama Kulwa, mwanamke anayekaanga samaki Mwaloni na kusikika mpaka ng'ambo. Lakini kura hiyo nilidhani itapigwa mwisho wa mwezi, huko ofisi ya tawi la chama. Kichwani mwangu haikuwa na uhusiano wowote na uani kwetu.

Nikafungua makopo. Maharage yameisha. Dagaa mama alibeba wote kuwa zawadi ya mzazi. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi na viberiti. Na zamu ya Mama Kulwa watu walikula sato, samaki waliovuliwa ziwani siku hiyo hiyo, wakamsifu wiki nzima. Nikasimama uani nikawatazama kuku wangu, nikafikiri, kesho watajua kama mimi naringa au siringi.

Nilikamata sita. Kishingo sikumgusa, wala Meneja. Sitaandika majina ya wale sita. Nikawapeleka kwa jirani yetu, Baba Zuhura, awachinje yeye ili kila mtu aweze kula, akashika kisu akanitazama.

"Wote hawa? Wa kesho hawa?"

"Ndiyo, baba. Watu wakija wasikae hivi hivi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Baba yako nilidhani mtu mkimya. Kumbe kajipanga."

Sikumwelewa. Nilidhani ananisifu.

Jumapili saa kumi kasoro wakaanza kufika, wameoga, wamevaa nguo za kanisani, na hata hilo halikunishtua (mtu aliyetoka kupasua mawe anavaaje shati jeupe, mimi sikujiuliza). Mama Kulwa akaja na kitenge kipya, na yeye ni Msukuma, "ra" kwake haipo.

"Shikamoo, Mama Kulwa. Karibu."

"Malahaba. Haya, nimekuja kwenye kula."

Sasa ningekuwa na shaka ya nini tena. "Chakula kiko tayari, mama," nikamwambia, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mtu mzima sentensi nzima. Akaangalia masufuria, akaangalia watu wanaonawa mikono, akaenda kukaa pembeni ya jiwe peke yake na kukunja mikono. "Mimi sili," akasema. "Naangalia tu."

Wengine walikula. Mwanzoni walitazamana, halafu harufu ikawashinda, na nusu saa nzima nilikuwa msichana mwenye furaha kuliko wote Mwanza, natembea na jagi la maji, watu wananiita "mwanetu", Baba Zuhura anavunja mfupa, mzee mmoja anauliza kama mchuzi umebaki.

Ndipo kwenye kona ya nyumba akatokea Mzee Magesa, na nyuma yake katibu wa tawi, amekumbatia debe lenye mdomo uliochanwa juu. Debe la kutumbukizia karatasi. Nililiangalia lile debe na miguu yangu ikajua kabla ya kichwa.

Katibu alisimama. Watu zaidi ya ishirini walikuwa na vidole mdomoni.

"Ndugu zangu," akasema, "hii ni nini?"

Mama Kulwa akasimama. "Na mimi ningependa kujua, Ndugu Katibu. Nimekuja kupigiwa kula, nimekuta watu wanalishwa kuku. Nami ningeleta samaki, kumbe ndivyo inavyokuwa."

Na saa hiyo hiyo baba akaingia na baiskeli, nguo za kazi zimejaa vumbi la pamba. Ujue baba yangu ni mtu gani. Kuna mtu wa bandarini aliwahi kutuletea sato wawili wamefungwa majani, shukrani tu, na baba akanituma niwarudishe na mvua inanyesha. Sasa mtu huyo akasimama uani kwake mwenyewe, anaona karamu, anaona debe, na neno hongo likaanza kuzunguka jiweni, kwanza taratibu, halafu bila kificho.

"Mimi nilichinja," akasema Baba Zuhura, mafuta kidevuni. "Binti alisema ni wa watu wa leo. Nilijua mzee kaagiza."

"Baba Koku," katibu akauliza, "uliagiza?"

Baba aliegemeza baiskeli ukutani. Alikuwa ananitafuta kwa macho, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko na jagi kifuani. Ningenyamaza, jina lake lingeishia pale. Sijui nilifikaje juu ya jiwe. Najua nilikuwa katikati ya watu na sauti iliyotoka haikuwa ya mbu.

"Baba hajui lolote. Ni mimi. Mzee Magesa aliniambia watu wanakuja kura, nikadhani anasema kula."

"Nirisema kura," akasema Mzee Magesa, ameshangaa kweli. "Si nirisema kura?"

"Ndiyo, mzee, lakini wewe chakula unaita chakura." Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. Lakini nilitaka waamini, nikaendelea. "Unasema kurara. Unasema Jumapiri. Uliniambia niandae mahari. Kwa hiyo nikageuza."

Halafu mtu akarudia "andaa mahari", na jiwe zima likalipuka. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, Mama Kulwa akifuta machozi kwa kitenge, hata katibu akageukia ukutani. Hongo iliisha pale pale, hakuna aliyeikumbuka tena. Baba yangu aliokoka. Mzee Magesa alisimama na pampu yake ambayo haachani nayo, akijaribu kucheka na wengine, mdomo ukakataa, akainamia debe kana kwamba kuna kitu cha kurekebisha.

Mama Kulwa akasema, "Basi tupige wiki ijayo, kuku wakishashuka tumboni." Baba akakataa. Alisema aliyekula kwake leo atapiga kura na kuku moyoni, leo au wiki ijayo, na akaomba jina lake liondolewe. Wakaondoka na debe lao tupu. Mama Kulwa ndiye balozi wetu sasa, na ni balozi mzuri.

Nilipokuwa naosha masufuria baba akaja akasimama karibu. Nilingoja ya kuku, nilingoja ya ubalozi. Akasema, "Ubalozi si kitu. Yule mzee ulimvua nguo mbele ya watu. Kesho asubuhi uende."

Nikaenda, na mayai manne kwenye kitambaa. Mzee Magesa alikuwa anakaza tairi. Nikapiga magoti nikasema nimekosa, nikasema yote niliyoyakariri njiani. Aliniangalia muda mrefu kabla ya kufungua mdomo, akisema neno moja moja, kama mtu anayekanyaga mawe ya mtoni.

"Hujambo, binti. Hapana shida. Mimi sikusoma." Akafuta grisi viganjani. "Kishingo yupo?"

"Yupo, mzee."

"Umtunze."

Akachukua mayai, akatikisa kichwa, akarudi kwenye tairi. Nikaondoka nikiwa mwepesi, nimesamehewa. Nilikuwa nimeshafika darasani, nimefungua daftari la Kiswahili, ndipo nikayarudia yale maneno yake kichwani kwa tabia yangu ile ile mbaya, nisahihishe, na sikupata cha kusahihisha. Hayakuwa na "la" hata moja. Hayakuwa na "ra" hata moja. Alikuwa amechagua.

Imepita karibu miezi miwili. Nimeapa kwamba nisiposikia nitauliza hata mara kumi, na mtu mzima akisema neno lake nitalipokea lilivyo. Lakini kiapo hicho kimechelewa kwa mmoja. Kila asubuhi napita kibandani, sikimbii tena, natembea polepole kuliko mgonjwa, nasema "Shikamoo, mzee" kwa sauti ya kusikika. Anainua mkono wenye grisi. Hata "marahaba" anaimeza, sijui hana hakika nayo. Anasema, "Hujambo, binti," na kuinama kwenye baiskeli ya mtu.

Nimebakiwa na kuku watano. Ningewatoa wote, na Kishingo akiwemo, niulizwe tena habari za kurara.