Mgonjwa wa Kichwa Aliyekwenda Kuposa

Chekeni sasa hivi, tena mcheke mpaka mmalize, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize. Aibu hii hata nikiikumbuka niko peke yangu naoga huwa nafunga macho na kusema "aaah" kwa sauti, jirani anadhani maji ni ya baridi. Nilikwenda kumposea mdogo wangu mke, nikatangazwa mwendawazimu kwenye maiki, mbele ya tenti mbili zilizojaa watu, na mbaya zaidi hakuna aliyenisingizia, maneno yote yalitoka kwenye mdomo wangu huu huu.

Mimi naitwa Komakech, jina ambalo kwa Kiacholi maana yake ni mtu mwenye bahati mbaya (baba alinipa siku niliyozaliwa, sijui aliniangalia akaona nini). Baba alikuwa sajini wa polisi, nimekulia kwenye Kiswahili cha kambini, na shule niliiacha sekondari mwaka wa pili, au yenyewe iliniacha, hatujawahi kukaa chini tukaelewana. Sasa nauza spea za magari Kisenyi, hapa Kampala, kwenye uchochoro ambao upande huu wananyoosha bodi kwa nyundo, upande ule wanachomelea vyuma, na katikati niko mimi nampigia kelele mteja ambaye naye ananipigia kelele ati feni belti niliyomuuzia imekatika kabla hajafika nyumbani.

Kichwa kilianza kuniuma baba alipofariki. Kwanza kilikuwa kinakuja na kuondoka kama mgeni mwenye adabu, halafu Denis mdogo wangu akasema anataka kuoa, na kichwa nacho kikahamia kabisa na godoro lake. Si kwamba kinachoma upande mmoja, hapana, ni kama mtu amechukua ule mpira mweusi wa tairi ambao watu wa boda wanafungia mzigo, akaniviringishia kwenye paji la uso mpaka kisogoni, na kila jioni anakuja kukaza kidogo. Mabega yanapanda mpaka karibu na masikio. Nikawa nameza vidonge vya maumivu asubuhi, mchana na jioni, kama mboga. Kumwambia mtu? Wapi! Mimi ndiye mkubwa, mkubwa atamwambia nani?

Msichana mwenyewe anaitwa Furaha, wazazi wake ni Wakongo wa kule mashariki, wanakaa Makindye. Sisi Kiacholi chetu hawakijui, lugha yao ya nyumbani sisi hatuijui, Luganda tunacho wote lakini ni cha kununulia nyanya, kwa hiyo wazee wakaamua mambo yote yazungumzwe kwa Kiswahili. Na kwenye ukoo wetu nani mwenye Kiswahili? Mimi! Shangazi Santa, dada yake baba, alisema, "Komakech, mbona macho yako mekundu, tumpe mjomba wako aseme." Nikakataa. Nikasema mjomba akisema Kiswahili ng'ombe wenyewe watakimbia.

Siku ya kuposa niliamka gizani kwenda Kalerwe kununua vitu vya vikapu, mananasi, matoke, nyama, nikavuka maji ya mvua pale kwetu Bwaise na suruali ya suti nimeikunja mpaka magotini, nikarudi kupanga watu kwenye gari, chai sikunywa, maji sikunywa. Denis akanisogelea, amependeza, ananukia, akaniuliza taratibu, "Kaka, kichwa vipi leo?"

Na mimi nikajibu, "Kichwa gani? Niko fiti kama kuruta."

Hapo. Ningesema tu kinauma, leo nisingekuwa nawasimulia. Badala yake nilikwenda nyuma ya gari nikatoa kikopo cha dawa ya kuchua misuli (ile kali, wachezaji wanapaka magotini), nikajipaka paji zima la uso na kwenye nyusi, nikavaa koti, nikapanda gari.

Tukapokelewa vizuri sana Makindye, vigelegele, viti vya plastiki vimefungwa vitambaa, na jua lile la mchana tenti haikulizuia hata kidogo. Nikasimama, nikashika maiki, nikaanza, "Wakwe zetu watukufu, tumetoka mbali, tumeona ua kwenye bustani yenu..." Jasho likaanza kuteremka. Likapita kwenye dawa. Likaingia machoni. Jamani! Nikawa nalia kama mtoto aliyeachwa sokoni, machozi yanakwenda, makamasi yanakwenda, na mimi bado nasifu ua.

Papa Furaha, ndiyo tunamwita hivyo, baba yake binti, mtu mkubwa mpole, akainua mkono. "Shemeji, pole bwana. Kwa nini unalia? Mutoto yetu ni mubaya hivyo?"

Watu wakacheka, na mimi kambini kwetu ningejibu tu, "Kichwa inauma, Papa," mambo yakaisha. Lakini nikaona kuna mchungaji pale, kuna walimu, kuna kina mama wa kanisa, nikatafuta Kiswahili cha suti. Nikasema, pole pole, kwa fahari, "Mniwie radhi, wakwe zangu. Mimi ni mgonjwa wa kichwa."

Ninyi mnaosikia Kiswahili mmeshaelewa. Mtu kichwa kikimuuma, basi kinamuuma. Lakini mgonjwa wa kichwa ni yule anayesimama katikati ya barabara na gunia mgongoni akihutubia malori.

Watu wakatazamana. Mimi nikadhani wananihurumia.

"Mugonjwa ya kichwa?" Papa Furaha akauliza. "Tangu lini?"

"Tangu baba afariki. Zamani kilikuwa kinanipata mara moja moja, siku hizi ni kila siku."

"Na inakushikaka namna gani?"

"Kikikaza, Papa, sitaki kuona mtu. Najifungia chumbani, nazima taa, nafunga kichwa kwa kitambaa. Mtoto wa jirani akilia natamani kumtupa nje." Mama mmoja mstari wa mbele akamvuta mtoto wake mapajani. Mimi naona, sielewi.

"Mule ndani ya kichwa, kuna kitu unasikia?"

"Nyundo! Nasikia nyundo hata usiku, Kisenyi kumefungwa."

"Lakini dawa unakunywa?"

"Bila dawa, Papa, mngenifunga kamba." (Huo ulikuwa utani wangu. Nilitegemea makofi.)

Shangazi Santa naye, kwa huruma yake, akaona nimeachwa peke yangu, akasimama nyuma kule bila maiki, maana sauti yake haihitaji. "Ni kweli kabisa! Hata marehemu baba yao ilimsumbua hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini! Iko kwenye damu yetu! Hata Denis imeanza kumshika!"

Papa Furaha akaweka soda yake chini. "Denis pia?"

Na Denis, mtoto mwenye adabu, akasimama akajibu, "Kidogo tu, Papa. Nikikosa usingizi."

Papa Furaha akavuta pumzi, akaomba maiki ya pili. "Ba shemeji, tunawashukuru kwa kusema ukweli. Wengine wanafichaka. Lakini wazimu ya ukoo... hapana. Mutoto siwezi kutoa. Kuleni chakula, mupumzike, na vikapu yenu mutarudi nayo."

Wazimu! Ndipo likaniingia. Na sasa niambieni, mtu akiitwa mwendawazimu anajibu nini? Kila ukisema unazidi kuwa. Niliruka juu, macho mekundu, kamasi kwenye tai, nikapiga kelele kwenye maiki, "Mimi si mwendawazimu!" Maiki ikalia wiiii, mtoto wa yule mama akaanza kulia, na vijana wawili wenye vifua vikubwa wakaja wakasimama nyuma yangu, mmoja akanishika bega kwa upole ule wa kushika ng'ombe. Mchungaji akanyoosha mkono kuelekea kwenye kichwa changu, akafumba macho. Kutoka ndani ya nyumba nikamsikia Furaha analia. Nikamtazama Denis. Denis alikuwa anaangalia viatu vyake vipya. Nilitamani huo wazimu uwe wa kweli, angalau nisijue ninalofanya.

Basi akatoka Neema, dada yake mkubwa Furaha, muuguzi kwenye kliniki moja ya mjini, bado ameshika sinia la soda. "Mumuache huyo. Wewe, kaa chini." Nikakaa. Akaninusa. "Umejipaka nini?"

"Dawa ya misuli."

"Usoni?"

Tenti nzima ikasikia, maana maiki nilikuwa nimeibana mkononi kama mkongojo na haijazimwa. Kicheko cha kwanza kikatoka kule kwa vijana. Neema hakucheka, akanipangusa uso kwa maji na kitambaa cha mezani, akaendelea kuniuliza kama tuko kliniki. "Inauma upande moja?"

"Hapana, kote. Kama kimefungwa mpira."

"Ilianza ghafla kama umepigwa na kitu? Una homa? Unatapika? Unaona viwili viwili? Mkono au mguu unakosa nguvu?"

"Hapana, hapana, hapana."

"Afadhali. Ingekuwa hizo ningekupeleka hospitali sasa hivi na suti yako." Halafu akaweka vidole viwili kwenye shingo yangu, pale inapokutana na bega, akabinya. Nikapiga "Mamaaa!" na spika zote nne zikasema mamaaa. "Hii ni shingo ama mbao? Vidonge unameza mara ngapi?"

"Kila siku. Mara tatu."

"Banange! Basi nusu ya hicho kichwa unakinunua mwenyewe dukani. Ukimeza hivyo kila siku, dawa yenyewe inaanza kuleta maumivu. Umekula?"

"Jana."

"Unalala?"

"Nalala nasaga meno. Asubuhi taya imechoka kama nimetafuna mfupa."

"Na unawaza nini, shemeji?"

Sasa hapo ningesema "mambo ya kazi tu," kama ninavyowaambia watu wote. Lakini nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka mpaka aibu yenyewe ilikuwa imeisha, hakuna tena cha kuficha, watu walishaniona na kamasi. Nikasema, "Nawaza siku ya leo. Nawaza baba angefanyaje. Nawaza nitakosea neno moja mbele yenu, huyu mtoto akose mke kwa ajili yangu. Tangu aliponiambia anaoa sijalala vizuri hata siku moja."

Nilidhani nimemwambia Neema. Kumbe nimewaambia wote.

Denis akaja mbele. "Kwa hiyo ni harusi yangu inakuumiza kichwa? Na asubuhi nimekuuliza, kaka! Nimekuuliza kwa mdomo wangu!"

"Ulikuwa umefurahi. Ningekwambiaje?"

"Nani alikwambia uwe baba? Baba alikufa. Mimi nilikuwa nataka kaka."

Hiyo iliuma kuliko ile shingo.

Papa Furaha alikuwa ananyoosha shingo kutusikia. "Kumbe ni mawazo?"

"Ni mawazo, papa," Neema akasema, "na njaa, na hiyo vidonge. Wazimu iko wapi? Wewe mwenyewe tulipofika Kampala ulikuwa hivi hivi, mama anakukanda shingo usiku na wewe unalia kama mutoto."

Tenti ilipasuka kwa kicheko. Hata mchungaji aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Papa Furaha akajaribu kukunja uso, ukamshinda, akacheka mpaka akapangusa macho. Halafu akanyoosha kidole kwa Denis. "Wewe. Mukubwa yako apumzike. Kama unataka mutoto yangu, useme mwenyewe."

Denis, ambaye Kiswahili chake kina magurudumu mawili tu, akanitoa maiki mkononi. Ilibidi avute, vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa. Akasema, "Mimi nataka Furaha. Nampenda sana. Nitachunga yeye vizuri. Kiswahili yangu imeisha."

Hotuba nzima ndiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimeandaa ua, bustani, nyuki na mto. Kwa vigelegele vilivyopigwa, hata mwenye duka wa jirani alifungua dirisha.

Nilimalizia sherehe nyuma, nimekaa chini ya kivuli cha ukuta, Shangazi Santa ananilazimisha kula na kunywa maji bilauri baada ya bilauri, na kila anayepita ananiambia "pole, shemeji" kwa sauti ile ya kuongea na mgonjwa. Kichwa hakikupona siku hiyo. Nilipoacha kula vidonge kama mboga, kama Neema alivyoniamuru, kwanza kilinikomoa hasa, halafu kidogo kidogo mpira ukalegea. Bado kinakuja, kwenye nyundo zile kitakosaje? Lakini siku hizi nakula asubuhi, mchana natoka uchochoroni nashusha mabega, na mambo ya ukoo tunagawana na Denis, nusu yake nusu yangu, na nusu yake anaifanya vibaya na mimi nanyamaza.

Siku ya harusi kanisani pande zote mbili zilikubaliana kunipa kazi moja tu: kukaa. Nikakaa vizuri sana mpaka nikasinzia. Iko picha imetundikwa sebuleni kwa Papa Furaha, bwana na bibi harusi wanacheka, na mstari wa mbele kuna jitu limelala mdomo wazi. Wageni wakiuliza huyo ni nani, mzee anawajibu, "Mukubwa ya Denis. Mumuache, anapumzika."

Aibu nyingine hiyo, najua. Kushika maiki nimeapa sitarudia mpaka nife. Kusinzia, hapo sijaapa.