Karte Iliyokataa Mashine Tatu

Fundi wa kompyuta wa Kavimvira amekufa. Habari ilitufikia Jumanne katikati ya somo la jiografia. Mkuu wa shule alisimama mlangoni, akasema sentensi moja, akavua miwani, akasahau kuivaa tena. Amepigwa risasi barabarani akirudi kutoka Runingu, na mpaka leo hakuna anayejua ilitoka upande gani. Ninyi mnaosoma safu hii kwenye gazeti la shule ukutani, pale karibu na bomba la maji, mmezoea niandike juu ya mechi na madawati. Leo mtanisamehe mwandiko. Nimeandika "amekufa" mara tatu kwenye daftari langu, na kila mara naona kama namwandika mtu mwingine, kwa sababu Jumamosi mtu huyu alikuwa ananicheka.

Vita vilipoingia mjini tulivuka mpaka, na sote tunajua tunavyokimbia: hatubebi kabati, tunabeba karatasi zilizomo. Katibu wa shule naye alifanya hivyo. Alifungua kompyuta ya ofisi, ile ya mtumba kutoka Ulaya, akachomoa diski zake mbili, akazifunga ndani ya kitenge na kuvuka nazo kifuani kama mtoto mchanga. Tulimsifu. Tuliporudi, waliolala madarasani walikuwa wamepikia rejista za karatasi, na kompyuta yenyewe ilikuwa imeporwa. Tukasema si neno, alama zetu za miaka yote ziko ndani ya kitenge. Bila alama hizo, sisi wa darasa la sita, la mwisho, hatuandikishwi kwenye mtihani wa serikali. Fundi ndiye aliyetuonyesha kosa. Ndani ya mashine ile kulikuwa na karte, kadi ndogo iliyosimamia diski na kugawa kila kitu nusu kwa nusu, nusu huku, nusu kule. Bila hiyo karte, diski zile ni vyuma tu. "Mulibeba barua," alimwambia katibu, "mukaacha macho."

Aliitafuta karte hiyo mpaka akaikuta sokoni, inauzwa kati ya chaja na redio zilizoporwa. Tukafurahi mapema mno, maana karte ilikataa mashine tatu. Ya kwanza haikuwa na mlango wa kuichomekea. Ya pili ilikuwa nao, lakini kioo kilibaki cheusi. Ya tatu iliamka vizuri, ikifika kwenye karte inaganda. Mimi nilikwenda kwake kwa ajili ya safu hii, nikakaa juu ya kasha Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi bila kuuliza swali hata moja.

"Weye mwandishi," akaniambia Jumamosi, "leo tena umekuja kuandika kimya?"

"Umuache," mke wake akasema. "Anaogopa ndevu zako."

"Basi andika hivi. Hii karte iko muzee. Inataka carte mère ya wakati yake, ule ubao mukubwa wa ndani. Ukiipatia kijana, hawasikilizane. Na hakuna mwenye iko mubaya kati yao."

Hapo nikasema, "Kwa shangazi yangu kule Runingu iko kompyuta ya zamani, ku kituo cha afya. Haitumike."

Akaweka turnevisi, bisibisi yake, chini. "Na weye ulikuwa umekalia hayo maneno siku tatu?" Akacheka mpaka akajipangusa macho. Jumatatu alikodi pikipiki.

Mwili wake uliletwa pamoja na mfuko wa pumba za mpunga aliokuwa amefungia ubao wa ile kompyuta ya Runingu. Ubao haukuwa na hata mkwaruzo. Niliutazama sana, nikitafuta mahali palipovunjika, na sikupaona. Sijui nilikuwa nataka nini. Nadhani nilitaka nao uwe umeumia kidogo.

Kwetu, vyombo vya kazi vya marehemu havishikwi mpaka kilio kiishe. Ndugu zake walifunika meza yake kwa mkeka. Lakini orodha ya watahiniwa ilikuwa inafungwa Ijumaa. Mkuu wa shule alikwenda kilioni mara mbili, akanywa chai, akaondoka bila kuomba kitu, na simlaumu. Jumatano nilikwenda mimi, nikakaa mkekani karibu na mjane.

"Mama, miye ndiye nilimwambia juu ya Runingu."

"Najua. Nilikuwa hapa."

"Na kama ningenyamaza?"

"Angeenda kutafuta mbele zaidi, kule Katogota. Haukumujua." Kisha akamgeukia mdogo wa marehemu. "Shemeji, ondoa mukeka ku ile meza."

"Shemeji, desturi iko."

"Iko. Na Ijumaa iko. Hakuenda kule ili huo ubao ulale chini ya kitanda. Nitaongea naye mwenyewe." Halafu kwangu: "Siku tatu ulikuwa unaangalia mikono yake. Fanya."

Nilifanya. Nilichomeka karte katika mlango mrefu wa ule ubao, diski ya kwanza, diski ya pili, kama nilivyomwona. Kioo kilikaa cheusi kitambo. Kisha karte ikaandika mistari yake myeupe, ikahesabu diski moja, ikahesabu mbili, na majina yetu yakaanza kushuka, darasa baada ya darasa. Mjane akauliza langu liko wapi. Nikamwonyesha. Akalitazama, akasema, "Mutume mwalimu aje anakili. Halafu muzime, tulie."

Tumeandikishwa sote. Wengi mnataka niseme tukikimbia tena tubebe nini, nami nasema: bebeni diski, karte na ubao wake, mkishindwa andikeni mahali ni kipi kinaishi na kipi. Lakini hilo angewaambia fundi yeyote. Kuna jambo ambalo sikumwambia mjane, na nimekuja kuliandika hapa kwa kuwa kulisema siwezi. Alhamisi ile ya kwanza barabara ya Runingu ilikuwa shwari. Wauza nyanya walikwenda na kurudi siku ile ile. Na ile kompyuta ya kituo cha afya niliikumbuka Alhamisi, kabla hata sijakaa juu ya kasha. Niliona haya kumkatiza mtu mzima akiwa kazini. Mwenye kujua neno, alitoe siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka.