Nilimwambia Daktari ni Maji ya Chai

Kosa ni langu mie, msinisaidie kulibeba. Na shetani mwacheni apumzike. Siku ile wala hakuhitajika, nilijitosha mwenyewe!

Nnakaa Darsait, hapa Maskati, na mume wangu na watoto watatu, na kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa mkemia mkuu wa mtaa. Nani alinipa cheo? Simu yangu! Nilitazama video nne za kutengeneza sabuni nyumbani, nikajiona nimeshahitimu. Chuo kizima kilikuwa jikoni kwangu: bakuli, mwiko, mafuta ya nazi, na kopo la kostiki, ile soda kali ya chengachenga watu wanayozibulia mabomba.

Mara ya kwanza nilifanya kidogo, bakuli moja, sabuni sita. Zikatoka nzuri, zinanukia mawaridi. Mara ya pili nzuri. Ya tatu nzuri zaidi. Basi, kichwa hicho! Mgeni akija kwangu hanawi mikono mpaka asikilize mhadhara kwanza.

Mume wangu akanambia mara mbili, "Wacha kuchezea hiyo soda." Nikamwona hana elimu, maskini.

Ikatokea mtoto wa shemeji yangu anaolewa. Nikajitolea, wala hakuna aliyenituma: kila mgeni ataondoka na sabuni ya mkono wangu. Sabuni mia! Alkhamisi asubuhi wifi yangu Asya, dada wa mume wangu, akaja kutoka Sidab kunisaidia. Asya anashona kofia kwa mkono, zile za vitobo vidogovidogo, kofia moja humchukua wiki na wiki. Mtu mpole, hajapata kunivunjia heshima hata siku moja.

Akaikuta ndoo katikati ya jiko.

"Wifi, si ulikuwa ukitumia bakuli?"

"Bakuli ni la sabuni sita, Asya. Hizi mia. Nazidisha tu, hesabu ya watoto wadogo hiyo!"

Akaichukua karatasi niliyoandikia maelezo, akaisoma polepole. "Hapa yasema uvae miwani na glavu. Na dirisha liwe wazi."

"Nifungue dirisha na joto hili la Maskati? Kiyoyozi nimekiwashia nani?"

"Na yasema maji yatangulie, soda ifuate. Wewe mbona soda iko ndani tayari?"

"Kwani wakikutana hawatajuana?" nikamjibu. Nikacheka mwenyewe. Nilivyokuwa hodari wa maneno!

Nikainua jagi, nikamimina maji juu ya soda.

Ikachemka bila moto. Kabla sijarudi nyuma ikavuma, ikaruka juu kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Mie nilikuwa nimesimama wima. Asya alikuwa ameinama anatazama. Ikampata usoni.

Yallah, ukelele ule! Mtu mwenye akili angemkamata ampeleke bombani, palepale, hatua mbili. Mkemia mkuu akakimbilia chupa ya siki! Si nimesikia kuwa uchachu huua kostiki? Nikamfuta macho yake kwa kitambaa cha siki, naye analia, "Maji, wifi, nipe maji!" Akajipapasia mwenyewe mpaka kwenye sinki. Hata hapo sikumwacha anawe akatosheka. Nikamvuta, "Twende hospitali, twende!"

Sasa hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mume wangu, niliyempigia simu njiani, alitukuta mlangoni mwa hospitali. Daktari akaniuliza kwa Kiarabu, "Kimemwingia nini?" Nikamtazama mume wangu. Nikafungua kinywa changu hiki, nikasema, "Maji ya chai, daktari. Birika limepinduka."

Asya alinisikia. Macho yamefumba, uso umevimba, akanishika kiganja akanyamaza. Alinisitiri! Mie niliyemchoma!

Wakampaka dawa ya mtu aliyeunguzwa na maji moto, wakatuweka kwenye kiti tungoje. Nikangoja. Saa nzima karibu, na soda bado inamla. Mpaka nesi mmoja akapita, akasikia harufu ya siki. Akagusisha kijikaratasi cha kupimia dawa kali kwenye machozi ya Asya, kikageuka rangi. Akanigeukia.

"Mama, hii si chai. Ni nini?"

Hapo ndipo nilipoitaja kostiki kwa jina lake. Wakamkimbiza ndani, wakamwosha macho chupa baada ya chupa.

Jicho la kulia limepona. La kushoto anaona kama kioo chenye mvuke. Kofia hashoni tena. Harusini alivaa miwani myeusi, akawaambia watu macho yanamwasha kwa vumbi.

Nilipokwenda kumwomba radhi alinambia, "Nilikusamehe siku ileile, wifi. Mikono tu ndiyo haijui ifanye nini kutwa."

Mume wangu hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alisema mara moja tu, "Soda ilikuwa ujinga. Chai ulikusudia."

Jirani yetu mfamasia ndiye aliyenieleza baadaye: soda kidogo bakulini joto lake hupotea, ikijaa ndooni joto halina pa kutokea, na maji ukiyamwaga juu yake yanachemka papo hapo. Shukrani, jirani. Elimu imefika, imechelewa kidogo tu.

Wenzangu mnaojifunza mambo haya kwenye simu, fanyeni kidogo, na ikitoka vizuri fanyeni kidogo tena. Vaeni miwani. Maji kwanza, soda baadaye, dirisha wazi. Ikimwingia mtu machoni, ni maji ya bomba, mengi, ya muda mrefu, msitafute ujuzi mwengine. Na mkifika kwa daktari kitajeni kitu hicho kwa jina lake, hata ukoo mzima wa mume uwe umesimama unasikiliza.

Neno lenyewe ni moja tu. Mie lilinichukua saa nzima kulitamka.