Safu Niliyoiongeza Katika Orodha

Nakumbuka mchana ule, mwanangu. King'ora cha kiwanda kilikuwa kimenyamaza mwezi mzima, nasi wa Kolwezi hatukujua tena saa ya kula wala saa ya kulala. Kazi za mgodi zilikuwa zimekufa. Zahanati ya kambi ilifungwa, ukumbi wa vijana ukabaki na viti bila umeme. Ndipo shirika moja la ng'ambo, kupitia parokia, likakubali kulipia dawa za vijana wa mtaa wetu pamoja na mchezo wa kuigiza waliokuwa wakiutayarisha. Liliomba orodha tu: jina, umri, ugonjwa.

Kazi hiyo nilipewa mimi, kwa sababu nilikuwa nimemaliza sekondari na mwandiko wangu ulisifiwa. Nami nikaongeza safu moja ambayo hakuna aliyeiomba: asili. Fomu zetu zote za ofisini zilikuwa nayo, na karatasi isiyo na safu hiyo niliiona kama shati lisilo na kola. Hata mtoto aliyezaliwa hapa hapa nilimwandikia kijiji cha babu yake.

Ngalula alikuwa na miaka kumi na sita. Ndiye aliyekuwa mhusika mkuu wa mchezo, naye alikuwa katikati ya dawa za kifua kikuu. Nilipomwuliza asili yake alicheka.

"Tata, mi nilizaliwa hapa. Kasai siyaonaka ata siku moya. Andika Kolwezi."

Nikaandika Kasai.

Kisha ukaja wakati wa kufukuzana, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakiambiwa warudi kwao. Vijana wa chama kilichokuwa kikiwafukuza walinijia kwa adabu, wakaomba kuiona orodha. Niliwapa. Waliinakili mezani pangu, nami nikawaazima kalamu. Wiki ile ile familia ya Ngalula ilikuwa kituoni pamoja na wengine wengi, wamelala juu ya mizigo wakingoja treni. Mama Odette, muuguzi wetu, alinipa dawa za binti nimpelekee. Niliogopa kuonekana. Nilikwenda siku ya tatu. Treni ilikuwa imeondoka.

Jumamosi, saa saba mchana, nilipita ukumbini. Waliobaki walikuwa wakifanya mazoezi, na hakuna aliyechukua nafasi ya Ngalula. Ilipofika zamu yake wote waligeuka kutazama pale alipozoea kusimama, wakanyamaza kwa muda ule ule wa maneno yake, wala si zaidi. Kisha wakacheka, mahali palipokuwa na utani wake. Kisha wakasubiri tena, kidogo tu. Sikuelewa wanasubiri nini, mpaka nilipokumbuka kwamba baada ya maneno yale alikuwa akikohoa.

Nilikuta midomo yangu inayasema maneno yake, na mmoja wao akanitazama kana kwamba nimemkatiza mtu.

Nilimwuliza Mama Odette ni nani aliyewafundisha vile. Akasema hakuna. Aliendelea kupanga dawa, kisha akaniambia polepole, "Tata, bale ba ng'ambo baliomba bugonjwa tu. Kijiji ya nkambo, ya babu ya mutoto, nani alikuombaka?"

Habari za Ngalula sikuzipata kamwe, na sitakudanganya kwamba mwanzoni nilizitafuta sana.

Mwanangu, nasikia nawe sasa umo katika kamati, unaandika barua kuomba fedha za kliniki na za ngoma kwa vijana wasio na kitu. Fomu nyingine zitakuja na nafasi ya asili. Iache wazi. Andika kinachomwuma kijana na kile anachopenda kufanya, basi. Orodha yao usimpe mtu kwa sababu tu amekuja kwa adabu. Na ukikabidhiwa dawa ya mgonjwa, ipeleke siku ile ile, hata kama njia nzima watu wanakutazama. Mimi nilijitetea miaka mingi kwamba nilikuwa karani tu. Usijifunze kusema hivyo.

Mungu akupe mwandiko usiomdhuru mtu, na vijana wako wote wamalize dawa zao wakiwa nyumbani.