Ezell Guidry na Wakili wa Bweni

Kwenye gereza lile la Louisiana, katikati ya mashamba ya pamba, watu waliojaa majivuno hawakukosekana, lakini Thurlow Babineaux aliwazidi wote. Alifungwa kwa kuiba matrekta matatu. La tatu ndilo lililomponza, maana aliliendesha mpaka kituo cha polisi kuuliza njia. Huyo ndiye, baada ya kusoma vitabu viwili vya sheria, kimoja kikiwa kimenyofoka nusu, aliyejiita wakili. Wafungwa wakampa kahawa, naye akawapa Kilatini.

Ezell Guidry alikuwa na miaka ishirini na miwili ndani kwa mauaji asiyoyafanya. Shahidi wa pekee, jirani yake wa zamani, akamwandikia barua kukiri kwamba alidanganya. Lakini Ezell alishakwenda mahakama ya shirikisho mara moja akashindwa, na anayerudi mara ya pili sharti kwanza aombe ruhusa kwa majaji watatu wa mahakama ya rufaa, tena kabla mwaka haujapita tangu apate ushahidi mpya. Hilo hata waosha masufuria walilijua.

"Thurlow, si tuanze na ruhusa, ndugu yangu?"

"Ruhusa? Mwanaume mzima unabisha hodi kama mkwe? Mimi naenda kwa jaji moja kwa moja. Nikimshukia ataomba maji!"

Akaandika kurasa tisini na nne. Sitini za mwanzo zilikuwa sifa za Thurlow mwenyewe. Barua ya shahidi aliibana mwisho kabisa, nyuma ya shairi alilojitungia.

Miezi ikapita. Jibu likaja, karatasi moja kavu: jaji hana uwezo wa kulisikiliza ombi la pili lisilo na ruhusa. Karani, kwa huruma, aliambatanisha fomu ya kuomba ruhusa hiyo.

"Ameniogopa," Thurlow akasema, kidevu juu.

"Akuogope wewe, bwege mkubwa! Mwaka unaisha kesho!"

"Nipe wiki mbili tu, nitawaandikia kitu—"

Ezell akamnyang'anya kalamu. Akakaa kitandani, akajaza fomu kwa mwandiko wake wa shule ya msingi: shahidi alidanganya, barua yake hii hapa, naomba ruhusa. Basi. Sheria yao ina wema mmoja: karatasi ya mfungwa huhesabiwa imefika siku ile anapoikabidhi kwa askari wa barua.

Asubuhi akawa wa kwanza kwenye dirisha la barua.

"Afande, gonga muhuri wa leo, tafadhali. Wa leo."

Thurlow akachungulia begani. "Hata Kilatini hukutia? Aibu."

"Baki nacho, kikutoe wewe."

Wiki ya nne majaji watatu wakajibu: ruhusa imetolewa, kesi isikilizwe. Ezell akaisoma mara tano, akashindwa kumaliza maharage yake.

Thurlow yeye alikuwa ameshafika bweni la pili, akitangaza kwamba ni yeye aliyemfundisha Ezell kuandika kwa kifupi.