Mashini ya Kuandikia Ilipohamia Kipushi

Niliweka chungu cha sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, juu ya ripoti ya mgodi niliyopewa kuchapa. Si kwa bahati mbaya: meza ilikuwa moja, chungu kilikuwa cha moto, na karatasi zile zilikinga mbao vizuri sana. Zaidi ya hapo sina cha kujitetea.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, tukivaa abakosti, koti lisilo na tai, na kuitana citoyen, yaani raia. Mvua ilikuwa imetoboa paa la biro yetu, ofisi ya mgodi hapa Lubumbashi, na shefu akatuambia sisi wachapaji wawili tubebe mashini zetu, tukachape nyumbani mpaka fundi amalize. Mimi, muntu ambaye hata harusi ya jirani naiangalia dirishani kwa kupenda kukaa ndani, nilibeba yangu kichwani mpaka nyumbani komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, na sikuona uzito.

Mwenzangu alikuwa mama wa Kipushi, mji mdogo wa migodi nje ya Lubumbashi. Kwa ajili ya kazi alikuwa amepanga chumba mjini, na mama yake mzazi, asiyeweza tena kusimama bila kushikwa, alimwona Jumapili tu. Siku ile ile alirudisha ufunguo wa chumba, akapakia mashini kwenye kamyo, lori la kwenda Kipushi. Kila Ijumaa alileta kazi: kurasa safi, mistari imenyooka, hata koma haijakosewa. Za kwangu zilikuwa chache, na mojawapo ilifika na duara jekundu la mawese. Shefu aliishika kwa vidole viwili.

"Nyumba ni ya kula na kulala," akasema. "Jumatatu wote wawili munarudi biro."

"Na mama yangu atabakia na nani?" yule mama akauliza.

Shefu akaanza kupanga faili zake. Mimi nami, badala ya kusema kwamba duara lile ni langu peke yangu, nikazichunguza kamba za viatu vyangu.

Yeye hakulia wala hakubembeleza. Alienda kabatini, akachomoa ukurasa aliouchapa pale pale biro kabla ya mvua, akaulaza kando ya ule wa Kipushi, na tarehe zote mbili akazifunika kwa viganja.

"Shefu, unionyeshe ya biro."

Shefu akavaa miwani, akainama. Alichukua muda wa mtu anayechagua kitambaa cha suruali.

"Hii. Kazi ya biro inajionyesha."

Yule mama akaondoa kiganja. "Hiyo niliandikia Kipushi, na mama iko anakohoa pembeni."

 Shefu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ijumaa utaleta mwenyewe?"

"Mi mwenyewe."

"Basi rudi Kipushi, citoyenne."

Mpaka leo navivulia kofia viganja vile viwili. Meza yake ikabaki tupu, biro ikawa kubwa ghafla, na mchora ramani wetu naye akaanza kuulizia viwanja vya Kipushi. Mimi nikarudishwa kitini, chini ya paa jipya. Jioni ile nilimweleza mama jirani, tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja tu, kwamba nami nitaomba kuchapia nyumbani kama yule mama, maana kazi ni ile ile.

Hakuacha kuchekecha unga wake.

"Baba, ile mashini mi nilisikia mara mbili tu. Siku zingine zote nilisikia weye unakoroma."